Betri ya Seva

Jumatano, Tunduma

Kinachoichelewesha seva, kompyuta kuu inayotunza nyaraka za ofisi, si waya. Nimebadilisha, bado faili dogo linachukua dakika nzima kuhifadhiwa kwenye seva, wakati kwenye kompyuta yangu ni mara moja. Kumbe imekufa betri ya ndani ya seva, ile inayoshikilia data umeme ukikatika. Bila hiyo, seva yenyewe inaandika taratibu ili isipoteze kitu.

Bosi kasema, "Mama Neema, ilazimishe iende haraka. Malori yamejaa mpakani."

"Umeme ukikatika, nyaraka za madereva zinapotea, mzee."

"Basi kesho anakuja anayeweza."

Sikuigusa. Sasa namnyonyesha Neema huku nikihofia kupoteza kibarua. Huyo fundi atailazimisha, bosi atamsifu. Umeme hapa haupitishi siku mbili bila kukatika.