Mama Amehesabiwa Mlezi

Baba Bonge,

Uji umo kwenye chupa. Mimi nakimbilia kazini. Jirani anawatazama Bonge na mama yako mpaka utoke zamu, umshukuru. Chekechea ndiyo basi tena.

Leo asubuhi mwalimu mkuu alitusimamisha getini. Serikali sasa inamlipia tu mtoto asiye na mtu mzima wa kubaki naye nyumbani, na sisi wenyewe tulisema bibi yake amehamia kwetu. Nikamwambia, "Mwalimu, bibi haoni. Tumemleta tumtunze." Akajibu, "Najua, mama. Nimewaeleza wakubwa, wanasema mtu mzima ni mtu mzima." Alikuwa karibu kulia, nikakosa hata wa kumgombeza.

~~Mwombe mama arudi kwa dada yako kwa muda.~~ Usimwambie neno. Akijua, atafunga mizigo leo hii.

Ukilala, lala pale mlangoni, Bonge akitaka kutoka akukanyage kwanza. Na ukisikia kengele mguuni mwake usicheke. Nimeifunga ili mama ajue mtoto alipo. Nimemwambia mama ni mchezo tu.

Akaniuliza, "Mchezo huo unaisha lini, mwanangu?"

Mama Bonge