Jasho Langu, Kaka, au Lako

Buffalo, 2016

Kaka Elia,

Nimemaliza. Naanza na hilo maana najua usingevumilia salamu ndefu. Chuo kilinipa cheti mwezi uliopita, miezi sita tangu presha ikuchukue kule Louisville. Siku hiyo nilipita Grant Street na joho langu mchana kweupe, kama bibi harusi aliyepotezana na bwana. Muuza dagaa akanitoa kwenye foleni, akanihudumia kwanza. Nilijivuna, Kaka. Ungeniona ungesema, "Haya, profesa, punguza mwendo."

Sasa nisikilize. Niliomba kazi ya mwalimu msaidizi huko Lackawanna. Kwenye barua, pale pa kueleza masomo, nikaandika kama tunavyosema nyumbani, kwamba nilisomeshwa na kaka yangu. Kwa Kiingereza changu ikawa kaka alinifanya nisome. Mama mmoja wa chuoni anayetusaidia na barua za kazi akaisoma, akavua miwani, akaniuliza kwa upole kama ulikuwa unanilazimisha. Nilicheka mpaka nikalia, kisha nikashindwa kuacha kulia. Ikabidi nimweleze wewe ni nani.

Akaniambia Wamarekani huandika "graduated", yaani nimehitimu, au "earned", yaani nimekipata cheti kwa jasho langu. Yeye alilipenda hilo la pili. Mimi mkono ukagoma. Jasho gani, langu? Wewe uliacha kidato cha pili kule kambi ya wakimbizi ili mimi niendelee. Wewe ulibeba maboksi ghalani miaka minne, na kila mapumziko ya chakula unanipigia: "Usiniambie umefaulu. Niambie umesoma nini." Kwetu mtu akiulizwa masomo yake humtaja aliyemsomesha. Kujitaja peke yako ni kukosa adabu.

Barua ikakaa mezani siku mbili. Halafu nikakumbuka ulivyonikaripia siku ile nilipowaambia watu wa kanisani kwamba nimefaulu kwa bahati tu. "Bahati ndiyo iliyofanya mtihani?" Basi nikaandika "earned". Na kwenye usaili waliponiuliza juu ya masomo, nilisema cheti nimekipata kwa jasho, langu na la kaka yangu, wala sikuinamisha macho. Kazi nimepata, Kaka. Naanza Agosti.

Binti yako Neema yuko Columbus na mama yake. Nikimsalimia kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, mkorofi kama wewe. Nitamsomesha mimi, mpaka mwisho, nakuahidi mbele za Mungu. Kwa Kiingereza aandike kwamba amehitimu kwa jasho lake, ni haki yake. Ila mimi shangazi yake nitamfundisha jambo moja: akiulizwa kwa Kiswahili, ajibu, "Nimesomeshwa na baba."

Pumzika sasa. Maboksi yamekwisha.

Mdogo wako,
Odeta