Sauti ya Baba Kisandukuni

Easterein, tarehe 9 Novemba

Dada yangu Wytske,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na shemeji Torbjørn. Mlifika salama huko Trondheim baada ya mazishi? Na kile kikohozi ulichoondoka nacho, kimepungua? Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto ambalo bado linanidai miaka yote ile ya kukamua. Mvua haijakatika tangu mwondoke. Udongo wa kaburi la Mama ulititia kidogo upande wa kichwani, nami nimeongeza mwingine mara mbili. Usiwe na wasiwasi juu ya hilo.

Nakuandikia kwa sababu ya kile kisanduku cha mbao. Ulikikuta dirishani chumbani kwake, ukakishika, ukaniuliza ni cha nini. Nikasema ni redio, nayo imeharibika. Ukaomba uichukue hivyo hivyo iwe kumbukumbu, nami nikakunyang'anya mbele ya watu. Niliona jinsi ulivyoumia. Nakuomba usome barua hii mpaka mwisho kabla hujanitolea hukumu.

Mambo yalianza mwezi wa Machi. Kiholanzi kilikuwa kimeshamtoka Mama, kimebaki Kifrisia peke yake, na wahudumu wengi wa ile nyumba ya wazee hawakijui. Alikuwa akikaa kutwa bila neno. Ikifika alasiri anamwulizia Baba, kama amemaliza kukamua. Mwanzoni nilimwambia ukweli, kwamba Baba ametutoka miaka kumi na minne sasa. Akalia kama mtu aliyefiwa dakika ile. Kesho yake akauliza tena. Nikaona siwezi kumfisha mume mara saba kwa wiki. Nikaazimia kumtengenezea kisanduku chenye kitufe kimoja kikubwa, akikibonyeza amsikie Baba akisema.

Nilimwendea Foekje, yule fundi mstaafu wa simu ambaye kila Jumamosi huwatengenezea watu vitu vyao bure kwenye ukumbi wa kijiji. Unamkumbuka, ulimi wake haujapungua makali. Alinipangia mezani bodi tatu ndogo za elektroniki za kuchezesha sauti, kila moja haizidi kidole gumba. Ya kwanza ilikuwa inanasa sauti ndani yake yenyewe, sekunde ishirini tu, basi. Ya pili ilisoma kutoka kwenye kadi ya kumbukumbu, urefu wowote utakao, ila alipoiwasha spika ikatoa mlio mkali kabla ya kuanza. Foekje akaisukuma kando, akasema bibi wa miaka tisini na moja akiusikia huo atadhani amepigwa risasi. Ya tatu nayo ilitumia kadi, lakini sauti yake ilikuwa safi, haikushtua, na waya wa kitufe uliingia moja kwa moja bila haja ya kompyuta. Bei hazikupishana hata kwa kikombe cha kahawa. Akanisogezea ya tatu.

Mimi nikachukua ya kwanza.

Foekje aliniangalia juu ya miwani. Akasema, “We Hessel, mtu anakupa gunia, wewe unataka kikombe. Unamtengenezea mama yako kisanduku, au kuna maiti unaificha?”

Watu waliokuwa wakisubiri zamu zao wakacheka. Nami nikacheka nao.

Nikalehemu waya nyumbani, nikanasa humo sekunde ishirini za sauti ya Baba kutoka kanda ya zamani, nikaweka betri, nikampelekea Mama Jumapili pamoja na mkate wa sukari. Alibonyeza kwa kiganja kizima. Baba akasema leo kuna ukungu, na kwamba ng'ombe wa shamba la karibu wanasikika mpaka alipo. Kisha kimya. Mama aliinua uso wake wote, Wytske, sijauona uso ule tangu tulipouza mifugo. Akangoja. Akabonyeza tena, ukungu ule ule, ng'ombe wale wale. Alifanya hivyo kwa siku nne. Siku ya tano akanishika mkono wa koti.

“Mbona hamalizi?” akasema. “Gerlof hajawahi kuacha neno katikati. Nani anamziba mdomo?”

Nilimjibu kwamba ni betri. Lakini wiki nzima sikulala vizuri, na Jumamosi nikarudi kwa Foekje kuiomba ile bodi ya tatu. Safari hii hakunitania. Alinifungia tu kwenye karatasi.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Unajua kwamba Baba hakupenda kupigwa picha wala kurekodiwa. Mashine yake ya kanda aliitumia kunasa bendi ya kijiji, basi. Kanda yenye sauti yake mwenyewe ni moja tu duniani, aliyoirekodi hospitalini siku tisa kabla ya kufa. Kanda hiyo ni yako. Juu yake aliandika jina lako kwa kalamu ya risasi. Alinikabidhi mkononi, akaniambia niitume Norwei siku ile ile.

Sikuituma. Niliiweka kwenye droo ya karakana, chini ya misasa. Wewe ulikataa shamba, ukaondoka, miaka sita wewe na Baba hamkusemezana. Mimi nililitaka shamba lile na hakuna aliyeniuliza. Nilikamua asubuhi na jioni kwa ajili ya mtu aliyekuwa akikungoja wewe. Nikajisemea kwamba ukija kwenye mazishi yake nitakupa. Hukuja. Nikajisemea basi, umejitakia. Baadaye tulipopatana, miaka ilikuwa imeshakuwa mingi mno, na kila Krismasi ilinifanya mwongo zaidi.

Ndiyo maana nilitaka sekunde ishirini. Katika dakika nne na nusu za kanda ile, hapo ndipo mahali pekee ambapo hakutaja jina lako.

Nilipobadilisha bodi, Mama alisikia yote. Baba anasema, “Wytske, nilikuwa na kichwa kigumu, nawe umekirithi. Shamba ni matope tu. Njoo nyumbani mwanangu, mama yako atakuwekea kikombe.” Kisha anasema mimi ndiye nitakayekupelekea kanda, kwa kuwa Hessel akipewa neno halipotei.

Kuanzia siku hiyo Mama aliwaambia wahudumu waweke kikombe cha pili mezani. Ananiuliza, “Wytske anakuja?” Namjibu, “Kesho, Mama.” Miezi mitano, kila siku kesho. Ulipokuwa ukipiga simu Jumapili alikuwa haitambui tena sauti iliyo ndani ya simu, ukaniuliza kama kuna faida ya kuja, nikakwambia hatakujua, jihurumie usije. Hilo ndilo baya kuliko yote. Angekujua. Kikombe chako kilikuwa mezani hata asubuhi aliyofariki, na mhudumu aliyekiosha aliniuliza Wytske ni nani.

Sina la kujitetea. Ukitaka kukaa kimya, nitaelewa. Ukitaka kuja kunitukana, nitakulipia nauli.

Pamoja na barua hii nakutumia kanda yenyewe na kisanduku. Nimeweka betri mpya. Nimewaambia pia Foekje na mchungaji, ili nisipate tena pa kujificha.

Msalimie sana Torbjørn, na umwambie samaki wake aliotuachia tumewala wote. Majirani wa upande wa kanisani wanakusalimu. Nakutakia afya, dada yangu, na majira ya baridi yasiyo makali.

Ukikaa kusikiliza, bonyeza mara moja kisha uachie. Baba anaanza kwa kupumua tu, muda mrefu, kama mtu asiyejua aanzie wapi. Usidhani kimeharibika. Mngoje.

Ndugu yako,
Hessel