Cheti Nimekirudisha

Ntalikwa, Tabora
9 Februari 1976

Kwa mjukuu wangu Abbasi,

Marahaba, ingawa shikamoo yako sijaisikia tangu ulipobeba sanduku lako ukaondoka kama mtu aliyeiba. Na umeiba kweli. Soma mpaka mwisho, usiikunje.

Hujambo wewe? Huko Mwanza unakula? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, na majirani wazima. Kuku wa Josepha ndio wamekufa, sita, na habari yao ndiyo iliyoniketisha siku tisa kuandika barua hii kwa mkono wangu.

Ulipoitwa huko kufundisha walimu wenzako, eti kwa kuwa darasa lako la wazee lilifaulu lote, kijiji kilinipa mimi ufunguo wa ghala. Mwenyekiti Masele alisema mwenye cheti cha kusoma ndiye atakayelinda vya watu. Nikautundika shingoni, nikatembea kama mke wa mtemi.

Mwezi wa Oktoba, njaa ikiwa imekaa vibaya, Josepha alikuja kuomba mahindi ya msaada. Kulikuwa na magunia mapya yenye maandishi ubavuni. Nikayatazama. Abbasi, macho yalikuwa kwenye gunia, mdomo ukaniletea "tumbaku ni zao letu", kama ulivyotuimbisha darasani. Kuuliza niliona haya, mimi mwenye cheti! Nikampimia vibaba viwili.

Akapeta, chenga akawatupia kuku, akabandika makande. Makande hayajaiva, kuku wameshaanza kuanguka. Akaja mbio na chungu cha moto mikononi. Tekla, yule mjane wa katekista, ndiye aliyetusomea gunia: mbegu, zimetiwa sumu ya wadudu, zisiliwe. Josepha ana watoto wanne. Hakunitukana. Aliniuliza tu kama si mimi niliyepewa cheti mbele ya watu. Afadhali angenipiga.

Tekla akachukua kile kitabu cha tumbaku ulichotufundishia, akafunika picha kwa kiganja, akaniambia nisome. Sikuweza hata neno moja. Kumbe nilichojua ni picha na wimbo wake. Babu yangu mzaa mama alikuwa mpagazi, alibeba mizigo kutoka hapa Unyanyembe mpaka pwani bila kujua kilichofungwa ndani. Lakini aliyembebesha hakumdanganya kuwa ni mali yake. Hata chuoni, tulipokuwa watoto wa Kurani, maalimu alitukaririsha, akatuambia wazi kuwa maana tutaitafuta baadaye. Wewe ulituambia tumeshasoma.

Tekla hafundishi kama wewe. Nikimwuliza neno, haniambii. Ananirudishia mimi: nimeliona wapi, linafanana na lipi, kwa nini nadhani hivyo. Ananichosha mama yule! Tulianza na magunia, tukaenda kwenye kalenda ya misheni, tukabishana habari za mvua na za watu wa kale, mpaka uji ukaungua. Siku moja nikasoma "chumvi" kwenye pakiti, neno ambalo hakuna aliyenifundisha. Nililia pale dukani, watu wakadhani nimefiwa.

Sasa na langu nilitoe. Nilijua. Wiki ya tatu ya darasa lako nilikuuliza mbona "tumbaku" na "tunda" yanaanza sawasawa, ukanijibu hilo halimo kwenye mtihani. Pale pale nikaelewa kuwa hatusomi. Nikanyamaza, kwa sababu nilitaka kuitwa bibi wa mwalimu. Kuku wale tumewaua sote wawili. Wangu sita nimeshampa Josepha. Cheti nimekirudisha Jumamosi kwa afisa elimu, nikamweleza yote, na jina lako nikalitaja. Anawaandikia wakubwa wako.

Tekla anakusalimu, na Masele pia. Josepha naye anakusalimu, kwa shida.

Usinitumie barua ya kuomba radhi. Panda treni uje. Na uje na kitabu ambacho wewe mwenyewe hujawahi kukifungua, ukae mbele yetu ukisome, tukuone mtu anavyokutana na asichokijua.

Ni mimi bibi yako,
Mwanahawa binti Mabruki