Samaki wa Zawadi

Jumapili usiku, Lubumbashi

Ningependa kumkasirikia mtu, lakini nani? Binti yangu Solange na binamu zake wamegundua kinachoua samaki kijijini kwa shemeji. Waliweka samaki hai katika ndoo mbili, moja ya maji ya mto yaliyochotwa juu ya bomba la majitaka la kiwanda, nyingine ya chini yake. Wa chini walikufa wote.

Nikasema nitaandika gazetini. Shemeji, anayekausha samaki wa mto huo na kuwauza mjini, akaniangalia.

"Ukiandika ile, nani atakula samaki yetu? Batoto bangu batakula article yako?"

Nimewatukana mawaziri gazetini. Mbele yake nilifunga daftari.

Mgeni haondoki mikono mitupu, akanipa kikapu cha samaki. Nikashukuru.

"Papa, tutabakula?" Solange aliuliza njiani.

Nimewafukia uani. Makala sijaandika.