Nukta za Shamba la Mama

Jumanne, 14 Juni 1994

Maharage tena. Mgongo hauna habari njema. Tunavuna tuta moja moja, kila tuta na makopo yake, kwa sababu ya binti yangu Skola. Amerudi likizo kutoka chuo cha ualimu na kazi ya takwimu: achague vitu viwili, avipime, aone kama vinakwenda pamoja. Amechagua matuta ya marehemu mama. Kimo anapima kwa kijiti, mavuno kwa kopo. Majirani hapa Malangali wanatucheka. Wacha wacheke.

Ni matuta yetu ya Kifipa, ntumba, ya duara, majani yamefukiwa ndani yaoze. Mama aliyalima akiimba. "Tuta refu, chungu kimejaa," alikuwa akituambia. Nimemkumbuka mpaka nimekaa chini.

Alhamisi, 16 Juni

Kaka Deo amefika na baiskeli. Shamba tumeachiwa sisi wawili. Anataka plau. Mbolea ya duka bei haishikiki tangu serikali iache kuichangia, kwa hiyo anasema dawa ni kulima eneo kubwa. Maksai keshapata kwa Msukuma mmoja, mwenzake wa biashara za mpakani Kasesya. Siku hizi kila kitu ruksa, hata kumzika mama mara ya pili. Nilimwambia hivyo hivyo. Hakupenda.

"Dada, kwa jembe la mkono tutalima mpaka Yesu arudi."

"Atukute tunalima."

Skola akacheka, akaingia kati. Tumekubaliana. Kila tuta litakuwa nukta moja kwenye karatasi: kimo kinasomwa kwa chini, makopo kwa pembeni. Nukta zikipanda pamoja, ntumba zinabaki. Zikitawanyika ovyo, plau inaingia mvua zikianza. Deo amenipa mkono. Nimeogopa kidogo.

Jumapili, 19 Juni

Misa ya kwanza. Mchana Skola amechora.

Zimepanda! Kutoka chini kushoto mpaka juu kulia, kama foleni ya komunyo. Mimi niliyeishia darasa la saba nimeona bila kuelezwa. Deo ameifuata mistari ya nukta kwa kidole. "Nukta haziliwi na ugali," kasema, lakini kofia ameivua. Amekubali. Nimechinja kuku. Nimeimba nyimbo zote za mama ninazozikumbuka, na nyingine nusunusu.

Jumatatu, 20 Juni

Skola hana raha. Anasema nukta zimekaa mafungu mawili, la chini na la juu, katikati peupe. Ameniuliza, "Mama, haya matuta marefu karibu yote yako upande wa mtaro. Kule kuna nini?"

Nimesema sijui.

Najua. Palikuwa na zizi la babu. Ng'ombe walilala pale utoto wangu wote. Asubuhi za baridi kali tulikuwa tukitumbukiza miguu kwenye samadi mbichi ipate moto, mimi na Deo, tukisubiri maziwa. Majani ya pale hadi leo yanampita mtu. Majani mengi, tuta refu. Udongo mweusi, maharage mengi. Mama hakusema uongo. Aliona viwili, cha tatu kilikuwa chini ya miguu yake.

Nina hasira. Na nani, sijui.

Jumatano, 22 Juni

Rozari imenishinda. Kila nikifika "utakalo lifanyike" ulimi unakwama. Asubuhi nimemwambia Skola habari za zizi. Hakunilaumu. Amechukua kalamu nyekundu, akazipaka nukta za zizini. Akaziba nyekundu kwa kiganja: zilizobaki zimetawanyika kama ulezi uliomwagika. Akaziba zile nyeusi: nyekundu nazo vilevile. Ndani ya fungu moja, tuta refu, tuta fupi, chungu kilekile.

Nimelia. Skola anasema nukta hazijasema ntumba ni mbaya, maana hatukupima shamba lisilo na tuta. Zimesema tu kwamba si urefu unaojaza chungu. Sawa. Lakini ahadi ni ahadi. Nimekwenda mwenyewe kwa Deo.

Nilidhani atashangilia. Ameshika karatasi, kidole juu ya zile nyekundu. "Zizi la babu," kasema. "Pale ndipo yule ndama mweupe alipokupiga teke ukaangukia ndoo." Tumecheka mpaka wifi akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Hatukuweza kumweleza.

Jumamosi, 25 Juni

Plau itaingia mvua zikianza. Upande wa zizi Deo ameniachia, nilime ntumba zangu. Maksai amekwisha kuwaleta. Watakuwa wanalala upande ule mwingine, kwenye udongo mwekundu, nako kupate samadi.

Jioni ya baridi. Nilikuwa nachambua maharage mlangoni. Nikasikia ng'ombe wakihema shambani kwa mama, na harufu ikaja na upepo. Miaka mingi sijaisikia.

Nimeweka ungo chini. Nimevua viatu, nikaenda.