Baba Hajarah, Wewe Una Kipindupindu

Baba Hajarah,

Ukishatoka ulikojificha kwenye mihogo, soma hii kwanza. Mbuzi wamo chumbani kwetu. Wape majani ya viazi kabla hawajamaliza blanketi. Kuku usiwafungulie. Ng'ombe nimemfunga nyuma ya choo, mpe maji.

Ile Landrova uliyoisikia asubuhi ukakimbia, ilikuwa ya wanajeshi watatu. Walitaka mbuzi wa kula kambini. Wewe ulipopotea, niliwahi kuingiza mbuzi ndani na kumwaga maji ya kuoshea mchele kizingitini, maana yanafanana kabisa na anayoharisha mgonjwa. Nikawaambia mume wangu kashikwa na kipindupindu tangu jana. Sajini alitazama yale maji, akatazama viatu vyake, akarudi garini kinyumenyume. Mbuzi mmoja akalia ndani. Nikasema ni wewe, tumbo linakusokota.

Sasa naenda zahanati Busia kukuandikisha, maana sajini amesema ataulizia jina lako huko Ijumaa. Kwa hiyo wewe ni mgonjwa mpaka Ijumaa. Usinyoe ndevu. Usiende kwa Laban kucheza karata. Watu wa afya wakija kunyunyiza chokaa, lala kwenye mkeka na unyamaze. Kunyamaza unajua.

Chai iko kwenye chupa.

~~Sirudi.~~ Nitarudi jioni kukamua.

Na ukisikia gari tena, safari hii kimbilia ndani. Ndimo ulimoniacha mimi asubuhi.

Mkeo,
Mama Hajarah